Ifakara: Taasisi Iliyojengwa kwa Ridhaa ya Wanakijiji

Bonde la Kilombero hulisha wali sehemu kubwa ya Tanzania. Masika mto hufurika, maji hutuama mabondeni, mpunga hustawi, na katika maji hayohayo mbu huzaliana kwa wingi. Watafiti waliokuwa wakikamata mbu katika kijiji cha Namawala miongo mitatu na ushei iliyopita walikadiria kwamba mkazi mmoja aliumwa na mbu wenye vimelea vya malaria zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Hiyo ni karibu kila usiku. Mtoto wa huko aliugua malaria kabla ya kutimiza mwaka, akapona, akaugua tena. Mama wa Kilombero alizijua sura zote za ugonjwa huo, kuanzia homa ya kawaida hadi degedege na upungufu wa damu unaogeuza viganja vya mtoto vikawa vyeupe.

Katika bonde hilo ndiko ilikozaliwa Taasisi ya Afya Ifakara, inayojulikana kimataifa kwa herufi IHI, na sasa imekaribia kutimiza miaka 70. Kazi zake ni nyingi: utafiti wa mbu, sera za afya, mafunzo, takwimu za uzazi na vifo. Makala hii inaikumbuka kwa upande mmoja tu, majaribio ya dawa na chanjo kwa binadamu. Hapo ndipo taasisi ilipowaomba majirani zake jambo zito kuliko yote: wakubali watoto wao wapewe kitu ambacho bado hakuna ajuaye kama kinafaa. Walikubali, wakakubali tena, na tena. Sifa zote za Ifakara duniani zimesimama juu ya kukubali huko.

Maabara kando ya hospitali ya misheni

Mwaka 1949 alifika Ifakara mtaalamu wa wanyama kutoka Basel, Uswisi, aitwaye Rudolf Geigy. Alikuwa mkurugenzi wa Taasisi ya Uswisi ya Maradhi ya Tropiki, iliyoanzishwa mwaka 1943, na alikuwa akitafuta mahali pa kuyachunguza maradhi hayo kwenye chimbuko lake. Ifakara palimfaa. Palikuwa na wamisionari Wakapuchini kutoka kwao Uswisi, waliokuwa wakiendesha huduma za tiba ambazo leo ni Hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Palikuwa na papasi waletao homa ya vipindi, mbung'o waletao malale, na mbu wasiohesabika. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1950 ziara zake zilizaa maabara ya kudumu.

Haifai kuipamba historia hiyo ya mwanzo. Ilikuwa maabara ya wageni katika nchi iliyotawaliwa na wageni. Maswali mengi yalitungwa Basel, na majibu yakarudi Basel. Lakini Tanganyika ilipokuwa ikipata uhuru mwaka 1961, jambo jipya liliongezwa kando ya maabara: kituo cha kufundisha wahudumu wa afya wa vijijini. Katika miaka ya 1970 mafunzo hayo yakawa chini ya serikali, na vijana waliopita Ifakara wakasambaa kwenye zahanati na vituo vya afya nchini. Kwa hiyo, hata kabla ya majaribio makubwa ya dawa, jina la Ifakara lilikuwa limekwisha kujulikana kama jina la watu wanaotibu.

Mageuzi ya pili yalikuja mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mtafiti kijana, Marcel Tanner, aliishi Ifakara na familia yake, na pamoja na wenzake Watanzania akautoa utafiti maabara akaupeleka vijijini. Katika kijiji cha Kikwawila walianza kufuatilia afya ya watoto mwaka hadi mwaka: malaria, kichocho, minyoo, lishe. Wanakijiji nao waliulizwa ni maradhi gani yanawasumbua zaidi. Utaratibu wa kukaa na watu, kuwasikiliza, kuwapima na kuwarudia ndio uliotayarisha njia kwa yote yaliyofuata.

Funguo zinakabidhiwa

Mwaka 1991 maabara ya Waswisi ikawa Kituo cha Ifakara, kikishirikiana na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, iliyoundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1979. Andrew Kitua, daktari na mtafiti Mtanzania, alishika uongozi, na baadaye akaenda kuiongoza NIMR yenyewe. Mwaka 1996 kituo kikaandikishwa kama asasi ya Kitanzania yenye bodi yake ya wadhamini. Hassan Mshinda alikiongoza kabla ya kuwa mkurugenzi mkuu wa Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia. Akafuata Salim Abdulla, ambaye jina lake linaongoza orodha ya waandishi wa baadhi ya ripoti muhimu zaidi za malaria barani Afrika, kisha Honorati Masanja. Jina la sasa la taasisi limetumika tangu mwaka 2008.

Mwaka huohuo wa 1996 lilifanyika jambo ambalo halikupigiwa mbiu lakini lilibeba uzito mkubwa. Wahesabu walipita nyumba kwa nyumba katika vijiji vya wilaya za Kilombero na Ulanga, wakaandika nani anaishi wapi. Baada ya hapo waliirudia kila kaya mara moja kila miezi minne kuuliza nani amezaliwa, nani amehama, nani amefariki. Dawa inayosemekana kuokoa watoto haiwezi kupimwa mahali ambapo hakuna ajuaye watoto ni wangapi na wanakufa wangapi. Kwa daftari hilo taasisi iliweza kuonyesha, mwaka 2001, kwamba watoto waliolala ndani ya vyandarua vilivyotiwa dawa na kuuzwa kwa bei nafuu katika wilaya hizo walikuwa na nafasi ya kuishi iliyo bora kwa asilimia 27 kuliko waliolala bila chandarua.

Idete, na ujasiri wa kusema haifai

Jaribio lililoitambulisha Ifakara duniani lilifanyika katika kijiji cha Idete, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwanasayansi wa Colombia, Manuel Elkin Patarroyo, alikuwa ametengeneza chanjo ya malaria iitwayo SPf66, na taarifa za Amerika Kusini zilikuwa za kutia matumaini. Swali lilibaki: je, ingestahimili malaria ya Afrika, ambako mbu huambukiza bila kupumzika? Pedro Alonso, daktari kutoka Hispania, na wenzake wa Ifakara walilipeleka swali hilo Idete.

Watoto 586 wa umri wa mwaka mmoja hadi mitano walishiriki. Kwa njia ya kura, kila mtoto aliangukia kundi la chanjo au kundi la sindano isiyo na chanjo. Mzazi hakujua mwanawe amepata ipi, na muuguzi aliyemchoma hakujua, wala daktari aliyempima homa baadaye hakujua. Siri hiyo ndiyo uti wa mgongo wa jaribio, kwa maana binadamu akijua nani kapata dawa huanza kuona anachotamani kukiona. Siri ilipofunguliwa, matokeo yaliyochapishwa mwaka 1994 yalionyesha kwamba chanjo ilipunguza malaria kwa asilimia 31. Watafiti wenyewe walieleza kwamba kwa idadi ile ya watoto, ukweli ungeweza kuwa popote kati ya karibu sifuri na asilimia 52.

Dunia ilishangilia. Magazeti yakaandika. Hata hivyo, jaribio la Gambia halikuona kinga ya maana, na la Thailand vivyo hivyo. Ifakara nayo ikarudi kazini na kuuliza swali gumu zaidi: je, chanjo hii ingewafaa watoto wachanga, ambao ndio wanaouawa zaidi na malaria, ikitolewa pamoja na chanjo za kawaida za kliniki? Watoto 1,207 walishiriki. Jibu lililotolewa mwaka 1999 lilikuwa asilimia 2, maana yake hakuna kitu. Taasisi iliyopata jina kwa SPf66 ndiyo iliyosaidia kuifunga safari ya SPf66.

Naamini hapo ndipo Ifakara ilipokomaa. Ni rahisi kutangaza ushindi. Kukiri kwa takwimu zako mwenyewe kwamba tumaini ulilolilea halina nguvu ni kazi ya watu wenye heshima, na kunawalinda mamilioni ya watoto wasichomwe sindano isiyowafaa kitu.

Kidonge siku ya kliniki

Wakati dunia ikifuatilia chanjo, wodi ya watoto ya Hospitali ya Mtakatifu Fransisko ilikuwa na tatizo lisilosubiri. Watoto wachanga walikuwa wakiletwa na damu iliyopungua mno. Je, walikosa madini ya chuma, au vimelea vya malaria ndivyo vilivyokuwa vikiharibu chembe za damu?

Mtafiti Clara Menéndez na wenzake walipanga jaribio la watoto 832 waliozaliwa katika hospitali hiyo, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1997. Watoto waligawanywa makundi manne. Kundi moja lilipata dawa ya chuma kila siku pamoja na Deltaprim, dawa ya kuzuia malaria, kila wiki. La pili lilipata chuma peke yake, la tatu Deltaprim peke yake, na la nne halikupata yoyote kati ya hizo. Chuma kilipunguza upungufu mkali wa damu kwa takriban asilimia 29. Deltaprim iliupunguza kwa takriban asilimia 57. Jibu lilikuwa wazi: katika bonde la Kilombero, mnyonya damu mkuu wa watoto alikuwa malaria.

Lakini watafiti hawakuacha kuwaangalia watoto hao baada ya dawa kusimamishwa, na hapo wakaona jambo la kutisha. Watoto waliokuwa wamekingwa na Deltaprim mfululizo sasa waliugua malaria na kuishiwa damu mara nyingi zaidi kuliko wenzao. Mwili wa mtoto hujifunza kupambana na malaria kwa kukutana nayo kidogo kidogo. Ukimzuia asikutane nayo kabisa kwa miezi mingi, kisha ukamwachia ghafla, anaingia vitani bila mafunzo.

Kutokana na onyo hilo lilizaliwa wazo ambalo kwa maoni yangu ndilo zawadi kubwa zaidi ya Ifakara kwa tiba. Badala ya kumpa mtoto dawa kila wiki, apewe dozi chache zenye nafasi kati yake. Na ili wazo liwezekane mahali pasipo na madaktari wengi, dozi hizo zifuate siku ambazo mama tayari anampeleka mtoto kliniki kwa chanjo: mwezi wa pili, wa tatu na wa tisa. Hakuna safari mpya, hakuna mhudumu mpya, hakuna kadi mpya. Dawa iliyotumika ilikuwa SP, muungano wa sulfadoksini na pirimethamini, ambayo ni dozi moja mezani kwa muuguzi.

Jaribio lilihusisha watoto 701. Wote walipewa dawa ya chuma, nusu wakapata SP na nusu kidonge kisicho na dawa. Kila aliyeugua, awe wa kundi gani, alipimwa na kutibiwa. David Schellenberg, Clara Menéndez na wenzao walichapisha matokeo mwaka 2001: katika mwaka wa kwanza wa maisha, malaria ilipungua kwa asilimia 59, na upungufu mkali wa damu ukapungua kwa nusu. Ufuatiliaji wa mwaka uliofuata haukuona lile pigo la kurudi. Watoto walikingwa huku wakiachiwa nafasi ya kujenga kinga yao wenyewe.

Majaribio ya namna hiyo yakafuata Msumbiji, Ghana, Gabon, Kenya na kwingineko, na Machi 2010 Shirika la Afya Duniani likaupendekeza utaratibu huo kwa maeneo ya Afrika yenye malaria nyingi ambako SP bado ina nguvu. Sierra Leone iliuingiza katika huduma za nchi nzima, na mwaka 2022 shirika hilo likalegeza masharti ili nchi nyingi zaidi ziweze kuutumia.

Uchungu wa habari hii ni kwamba Tanzania yenyewe haikufaidi kama ilivyotarajiwa. Vimelea vya Afrika Mashariki vilikwisha kuizoea SP. Jaribio lililofanyika Korogwe na Same, na kuchapishwa mwaka 2009, lilionyesha kwamba mahali ambapo usugu ni mkubwa SP haimkingi mtoto mchanga. Wazo lililotungwa katika bonde la Kilombero likaenda kuokoa watoto wa pwani nyingine ya Afrika.

Kutoka klorokwini hadi dawa ya mseto

Tanzania ilikuwa imeiona hali hiyo kabla. Kwa miongo mingi klorokwini ilikuwa dawa ya kila nyumba, chungu na yenye kuwasha mwili, lakini ya kutegemewa. Vimelea vilipoishinda, serikali iliiondoa mwaka 2001 na kuiweka SP mahali pake. SP nayo ilichoka haraka, na mwishoni mwa mwaka 2006 ikaja dawa ya mseto, muungano wa artemetha na lumefantrini. Mabadiliko hayo yalitegemea vituo vilivyokuwa vikipima mwaka hadi mwaka ni wagonjwa wangapi wanapona na wangapi homa inawarudia. Ifakara ilikuwa miongoni mwao.

Dawa ya mseto ilikuja na shida ya vitendo. Vidonge vilikuwa vya watu wazima. Mama alivisaga, akavichanganya na maji, akabishana na mtoto anayetema uchungu, na hakuna aliyeweza kusema dozi iliyoingia ni kiasi gani. Kukatengenezwa kidonge kinachoyeyuka kwenye maji na chenye ladha tamu ya matunda, lakini utamu hauthibitishi tiba. Kati ya mwaka 2006 na 2007 watoto 899 wa Benin, Kenya, Mali, Msumbiji na Tanzania walishiriki kukipima. Katika ripoti iliyoongozwa na Salim Abdulla mwaka 2008, waliopona kwa kidonge kipya walikuwa asilimia 97.8, na kwa kile cha kusaga asilimia 98.5. Tofauti hiyo haina uzito kitabibu. Leo mhudumu wa zahanati anapokoroga kidonge hicho mbele ya mama, anatumia jibu lililotolewa na watoto hao.

Bagamoyo

Katikati ya miaka ya 2000 taasisi ilifungua kituo kingine Bagamoyo, karibu na hospitali ya wilaya na si mbali na Dar es Salaam. Hapo pamefanyika kazi inayohitaji majokofu ya uhakika, maabara za viwango vya kimataifa na wataalamu wa zamu usiku na mchana.

Chanjo ya malaria ilirudi, safari hii kwa jina la RTS,S. Watoto wachanga 340 wa Bagamoyo waliipokea au walipokea chanjo ya kulinganishia, pamoja na chanjo zao za kawaida, na matokeo ya mwaka 2008 yalionyesha kwamba inaweza kutolewa kwa usalama katika umri huo. Mei 2009 jaribio la awamu ya tatu likaanza, na watoto wa kwanza kuchanjwa walikuwa wa Bagamoyo. Lilienea vituo 11 katika nchi saba na kuhusisha watoto 15,459, Korogwe ikiwa kituo cha pili cha Tanzania. Kinga haikuwa kamili. Kwa watoto walioanza wakiwa na miezi 5 hadi 17 na kupata dozi nne, malaria ilipungua kwa takriban asilimia 36. Hata hivyo, mahali ambapo mtoto huugua mara kadhaa kwa mwaka, theluthi moja ni visa vingi mno vilivyoepukwa. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani liliipendekeza, ikawa chanjo ya kwanza ya malaria kufikia hatua hiyo. Ya pili, R21, ilipendekezwa Oktoba 2023, na Bagamoyo ilikuwa tena kati ya vituo vitano vya jaribio lake kubwa, pamoja na Kilifi nchini Kenya, viwili vya Burkina Faso na kimoja cha Mali.

Hapohapo Bagamoyo, mwaka 2012, vijana wa kiume 30 kutoka Dar es Salaam walijitolea kwa jambo lisilokuwa la kawaida. Wengi wao walichomwa sindano yenye vimelea hai vya malaria vilivyosafishwa, wachache wakachomwa maji ya chumvi, kisha wote wakafuatiliwa kwa ukaribu na kutibiwa mara vimelea vilipoonekana. Lengo lilikuwa kuweka njia ya kupima chanjo na dawa kwa watu wachache na kwa wiki chache, kabla ya kuwasumbua maelfu.

Kifua kikuu nacho kilipata nafasi. Kati ya mwaka 2013 na 2014 wagonjwa 365 wa Tanzania na Afrika Kusini, baadhi wakiwa wa Bagamoyo, walishiriki jaribio lililopima mchanganyiko wa dawa kadhaa kwa wakati mmoja. Dawa mpya iitwayo SQ109 ilisimamishwa njiani baada ya takwimu kuonyesha kwamba haiongezi kitu. Rifampisini, dawa ya zamani inayojulikana kwa kuugeuza mkojo rangi ya machungwa, ilipotolewa kwa dozi kubwa ya miligramu 35 kwa kila kilo ya uzito badala ya 10, makohozi ya nusu ya wagonjwa yalisafishika ndani ya siku 48 badala ya 62. Utafiti wa kufupisha tiba ya kifua kikuu bado unajengwa juu ya jambo hilo.

Mwaka 2008 Hispania iliitunuku Ifakara Tuzo ya Mwanamfalme wa Asturias ya ushirikiano wa kimataifa, pamoja na vituo vya Mali, Kintampo nchini Ghana na Manhiça nchini Msumbiji. Ilikuwa heshima kwa sayansi ya Afrika.

Waliokubali

Majina ya wanasayansi huandikwa juu ya ripoti. Majina ya washiriki hufichwa, na ni haki yafichwe. Lakini kufichwa kwa majina kusisahaulishe kazi waliyoifanya.

Kuanzia enzi za ukoloni, pwani na bara, watu wamesimulia habari za mumiani wanaochukua damu. Mtu anayeingia kijijini na sindano na visanduku vya baridi anaingia katikati ya simulizi hizo. Hakuna karatasi ya kisheria inayoziondoa. Huondolewa na wahudumu wa utafiti waliozaliwa kijiji hichohicho, wanaosalimia kwa heshima, wanaokaa mkekani na kujibu maswali: damu hii inakwenda wapi, kwa nini kiasi hiki, mtoto akiugua usiku nani atamfuata, baba yake akikataa itakuwaje. Mkutano wa kijiji hufanyika kwanza, uongozi ukasikia, kisha kila mzazi akaamua peke yake. Fomu ya ridhaa husomwa kwa Kiswahili, na asiyejua kusoma huweka dole gumba mbele ya shahidi anayemwamini. Anaweza kujitoa siku yoyote na mtoto wake akaendelea kutibiwa.

Nyuma ya mkutano huo wa kijiji kuna milango mingine. Jaribio hupitia kamati ya maadili ya taasisi, kisha ile ya taifa iliyo chini ya NIMR. Dawa ambayo haijasajiliwa huhitaji kibali cha mamlaka ya dawa, ambayo tangu mwaka 2019 inaitwa TMDA. Kamati huru huangalia takwimu jaribio likiendelea, na ina uwezo wa kulisimamisha. Milango hii huchelewesha kazi, na wapo watafiti wanaoilalamikia. Mimi naiona kuwa sehemu ya tiba yenyewe. Mtoto wa Idete hana namna nyingine ya kuiambia dunia isubiri.

Deni

Azimio la Helsinki, ambalo tangu mwaka 1964 ndilo mwongozo wa madaktari katika utafiti kwa binadamu, linataka walioshiriki jaribio wafikiriwe pia baada ya jaribio kwisha. Kwa kipimo hicho historia ya Ifakara ina fahari na ina deni. Vyandarua vilifika. Kidonge kinachoyeyuka kilifika. Kwa watoto wachanga, SP ilikwenda kufaa kwingine. Chanjo ya RTS,S ilipoanza kutolewa kwa majaribio ya utekelezaji mwaka 2019, nchi zilizoanza zilikuwa Malawi, Ghana na Kenya, ilhali watoto wa Bagamoyo walikuwa wameitangulia kwa miaka kumi.

Deni hilo si la taasisi peke yake. Fedha nyingi za majaribio zimetoka nje: serikali ya Uswisi, mashirika ya hisani ya Marekani na Uingereza, Umoja wa Ulaya kupitia mpango wake wa majaribio ya tiba ulioanzishwa mwaka 2003. Anayelipa ndiye mara nyingi anayechagua swali, na jaribio likiisha ndiye anayefunga mfuko. Serikali zetu zikiweka fedha zao wenyewe tangu mwanzo, zitakuwa na sauti ya kuuliza dawa hii ikifaulu itauzwa kwa bei gani na itafika zahanati ya Idete mwaka gani.

Ifakara imethibitisha kwamba taasisi ya Kitanzania inaweza kuongoza majaribio ya kiwango cha juu kabisa, kuyaripoti kwa uaminifu hata yanapovunja matumaini, na kubaki inaaminiwa na majirani zake. Watoto waliochanjwa Idete miaka ya 1990 sasa ni watu wazima, na wengi wao wana watoto wanaopelekwa kliniki zilezile. Wastahili zaidi ya shukrani za siku ya maadhimisho. Kila jaribio jipya lianze na ahadi iliyoandikwa kando ya fomu ya ridhaa, na isomwe kwa sauti katika mkutano wa kijiji: matokeo mtaletewa hapa, kwa lugha yenu, kabla hayajasahaulika, na dawa ikifaa, nani atailipia na lini itafika. Taasisi iliyojengwa kwa ridhaa ya watu ndiyo yenye haki, na yenye wajibu, wa kuwa ya kwanza kuidai ahadi hiyo.